Majiko Mawili, Marufuku Moja

Nasambu hakuwa mtu wa kukaa. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa pale Makina, na kiti alichopewa alikikalia kwa upande mmoja tu. Chai aliinywa akitembea, simu aliipokea akiwa amesimama. Mamake kule Bungoma, Mama Sella, alikuwa akisema binti yake huyu amezaliwa na siafu kwenye nyayo. Na mimi ninayewasimulia nasema mama hakukosea, maana siku hiyo ni hao siafu walioanzisha balaa lote.

Asubuhi, kabla hata hajavua koti, simu ikalia.

"Sasa, Nasambu. Ni Bridgit, wa jikoni."

"Poa, Bridgit. Sema haraka, nina kazi imenifika hapa."

"Hii tableti yenu imenigomea. Nimeletewa gunia la karanga za kusaga, liko hapo stoo linanitazama, na tableti inasema kwangu karanga ni marufuku. Marufuku ya nani? Mimi sina mtoto anayedhurika na karanga. Hawa wangu ukiwapa watakula na maganda!"

"Labda kuna mtu alibonyeza vibaya."

"Muhula mzima? Tangu tufungue shule sijawahi kupikia watoto karanga."

"Bridgit, futa tu. Hapo kando kuna alama ya kufuta. Futa, upike."

"Si uangalie kwanza?"

"Futa, dada. Watoto watachelewa kula."

Bridgit akafuta. Na mngekuwa ninyi pia mngefuta, kwa sababu aliyemwambia afute ndiye aliyeitengeneza hiyo programu.

Shirika lao lilikuwa dogo, lina majiko mawili tu: moja hapo Makina, Kibera, na jingine Kongo, upande wa Kawangware. Kila jiko lililisha watoto wa shule zilizolizunguka, chakula cha mchana, na kwa wengi wao hicho ndicho kilikuwa chakula cha siku. Kila asubuhi programu ya Nasambu ilitazama stoo ina nini, ikatazama na vyakula vilivyopigwa marufuku kwa ajili ya watoto wanaodhurika navyo, kisha ikamwandikia mpishi cha kupika. Mpishi akibonyeza alama ya kijani, basi, sufuria inakwenda jikoni. Nasambu aliiandika yeye, na Collins, mwenzake wa ofisi, akaipitia.

Akafanya kazi zake nyingine. Akajibu barua, akagombana na mtu wa intaneti, akashuka kununua mandazi, akapanda. Lakini kuna kitu kilimtekenya. Alipoketi na chai yake, akasimama tena. Muhula mzima, Bridgit alisema. Mtu akibonyeza vibaya, hubonyeza siku moja. Nani aliandika karanga kwenye jiko la Makina? Bridgit si yeye. Tableti ya Makina haishikwi na mwingine.

Karanga. Mtoto wa karanga ni nani? Mtoto wa karanga ni Kavindu.

Kavindu alikuwa wa Kongo! Msichana wa miaka sita, mwembamba, ambaye akiwa mchanga alilambishwa uji wa karanga, koo likafunga, mamake akakimbia naye hospitalini akidhani amebeba maiti. Daktari alimwambia mama mara ya pili huenda isiwe na bahati. Shule zilipofunguliwa, Mama Kavindu alikuja jikoni Kongo akasimama mlangoni, akakataa kuondoka mpaka Nduku, mpishi wa pale, aandike karanga kwenye tableti mbele ya macho yake. Nasambu alikuwepo siku hiyo akiwafundisha kuitumia. Tena yeye ndiye aliyemwambia, kwa kujiamini kwake kule, "Mama, usiwe na wasiwasi. Mashine haisahau."

Nduku aliandika karanga Kongo. Sasa imefikaje Makina?

Nasambu akaweka kikombe chini, akafungua programu, na kabla hajafika katikati ya ukurasa akaliona kosa.

Nitawaeleza, na wala si jambo gumu. Katika kazi yao, kitu kinachoeleza vitu vya aina moja huitwa klasi. Nasambu aliandika klasi mama akaiita Jiko, na humo akaweka kila ambacho jiko lolote linapaswa kujua: kupima unga, kuhesabu sahani, kusoma stoo. Kisha akaandika klasi mbili watoto, moja ya Makina na moja ya Kongo, zikamrithi mama. Raha ya kurithi ni kwamba huandiki tena. Mama akijua kupima unga, watoto wanajua. Sawa. Sasa orodha ya marufuku aliiweka wapi? Aliibandika kwa mama mwenyewe, akidhani kila mtoto akirithi atapewa nakala yake, afanye nayo atakavyo. La hasha! Kitu ukikibandika kwenye klasi mama namna ile hakinakiliwi. Kinabaki kimoja, pale pale kwa mama, na watoto wote wanachovya humo. Huyu akiandika, yule anasoma. Huyu akifuta, na yule amefutiwa.

Collins alimwambia. Siku ile ya kupitia kazi alimwambia, "Hii orodha ipe kila jiko yake, ianze ikiwa tupu. Usiiache huku juu."

Na Nasambu akamcheka. Kwao walikuwa ndugu sita na sinia moja. Ugali katikati, mboga kando, mikono yote humo. Sahani ya peke yako ilikuwa ya mgeni, na mtoto aliyeidai aliulizwa amekuja na basi gani na anarudi lini. Kwa hiyo akamwambia Collins, "Nyinyi kwenu mlikuwa mnakula mmefunga mlango, si ndiyo? Uchoyo mpaka kwenye kompyuta! Mama anaweka, watoto wanapata. Iache hivyo." Collins naye akacheka, akaiacha. Walikuwa na haraka, na ilifanya kazi walipoijaribu, kwa maana waliijaribu kwa jiko moja.

Ndiyo maana kosa lilijificha muhula mzima. Marufuku ikiongezeka haimuui mtu. Makina kulikuwa na mtoto mmoja asiyekula mayai, na kwa ajili yake Kongo nzima haikuonja yai tangu shule zifunguliwe. Wala hakuna aliyeuliza. Walidhani ni umaskini tu.

Lakini leo marufuku ilikuwa imepungua. Nasambu akafungua ukurasa wa Kongo, macho yameshamtoka: ugali, na mboga ya terere iliyoungwa kwa karanga za kusaga, maana gunia kama la Bridgit lilikuwa limeshushwa na kule. Chini yake alama ya kijani. Mpishi alikuwa amebonyeza asubuhi ile ile, muda mfupi tu baada ya Bridgit kufuta.

"Mungu wangu," akasema, peke yake ofisini. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Kurekebisha kulichukua mistari michache. Akaipa kila klasi orodha yake, akairudisha karanga kwa Kongo, akatuma. Ikakubali bila neno. Programu ilipona, lakini sufuria ilikuwa motoni inachemka, na sufuria haina mtandao.

Akampigia Nduku. Mteja hapatikani. Akapiga tena, mteja. Ndipo akakumbuka Nduku yuko Kitui, amekwenda kumzika mjombake, na jikoni ameachwa mpishi wa kushikilia, mwanamke anaitwa Wagaki, ambaye Nasambu hakuwa na nambari yake. Nduku angemjua Kavindu hata gizani. Huyu mgeni angemjua vipi? Akampigia Collins aliyekuwa mjini kwa wafadhili.

"Collins, Kongo wamepika karanga."

"Na yule mtoto?"

"Ndiyo maana nakupigia! Nani yuko karibu na Kongo?"

"Mimi niko town. Ngoja nitafute mtu…"

Lakini Nasambu alikuwa ameshafika chini ya ngazi.

Kwenye steji ya boda palikuwa na Wanzala, mtu wa Busia, ambaye hakosi neno. "Madam, leo hata salamu hakuna?"

"Kongo, Kawangware. Mbio."

"Kuna moto?"

"Kuna mtoto."

Wanzala akawasha pikipiki. Wakapanda, wakashika njia ya Ngong Road, na hapo ndipo barabara ilipoamua kuonyesha tabia yake. Magari yamesimama, mengine yamepandana, trela moja imekwama kwenye mzunguko na dereva wake ametoka nje anakula muwa! Wanzala akapita kando ya mtaro, akapita kwenye njia ya miguu, akatukanwa na mama mwenye troli ya viazi, akaomba msamaha bila kupunguza mwendo. Nasambu nyuma alikuwa amemshika koti, anamsukuma mgongo kama anayesukuma mlango.

"Wanzala, kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Kanyaga zaidi!"

"Dada yangu, nikikuua hapa, huyo mtoto utamsaidia kutoka wapi?"

Akaacha kumsukuma mgongo. Lakini moyo haukutulia. Alijiambia chakula ni saa sita, bado kuna muda. Akajiambia pengine karanga hazikutosha, Wagaki akapika maharagwe. Akajiambia mtoto mwenyewe anajua, atakataa. Kisha akakumbuka kwamba karanga za kusaga zikishachanganyika na terere hazionekani, na kwamba chakula cha jiko la Kongo ndicho chakula pekee nje ya nyumba yao ambacho Kavindu aliruhusiwa kula bila kuuliza. Mama yake alimruhusu kwa ajili ya tableti. Dagoretti Corner wakaipita akiwa analia, na upepo unamkausha.

Na kumbe Kongo siku hiyo walipakua mapema. Mawingu yalikuwa yamefunga, na walimu hawakutaka watoto wale mvuani, kwa sababu nusu ya benchi ziko nje. Nasambu alipoingia uwanjani, sahani zilikuwa mapajani na vijiko vinapanda na kushuka.

"Wekeni chini!" akapiga kelele. "Vijiko chini! Kavindu yuko wapi? Kavindu!"

Vijiko vikasimama. Mtoto mmoja mdogo akaanza kulia kwa woga. Kutoka jikoni akatoka mwanamke mnene ana mwiko mkononi, na uso wake haukuwa wa kukaribisha mgeni.

"Ngai! Wewe ni nani unanitishia watoto?"

"Wewe ni Wagaki? Kavindu amekula? Kuna mtoto hapa anaitwa Kavindu, akila karanga anakufa!"

Mwiko ukashuka. Watoto wakajibu wao, wote kwa pamoja, jinsi watoto wanavyofurahi kujua kitu: "Hajakuja! Kavindu hajakuja! Ako na kikohozi!"

"Hajakuja leo?"

"Hajakuja!"

Nasambu alikaa. Yeye, asiyekaa, alikaa juu ya mtungi wa maji uliolazwa, akainamisha kichwa magotini, akacheka na kulia vyote pamoja. Asante kikohozi! Wanzala aliyekuwa amemfuata nyuma akavua kofia, akajipepea. Wagaki naye akaja akachutama kando yake, na alipoelezwa, akashika mdomo.

"Mimi tableti ilinipa kijani," akasema. "Nduku aliniambia, we fuata kijani tu. Mimi ni mgeni hapa, mama. Ningejuaje?"

"Si kosa lako. Haki ya Mungu, si kosa lako hata kidogo."

"Basi kunywa maji. Umekuwa mweupe. Nikupakulie? Terere ya leo hata mwalimu ameomba mara mbili."

Nasambu alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa na njaa ghafla, njaa ya mtu aliyeponea. Wagaki akainuka kwenda kumpakulia, huku akisema, kwa sauti ya kumtuliza, "Mungu ana watu wake. Hebu fikiria angekuwa hapa. Na mimi nilikuwa nimemwonea huruma, nikamwongezea mboga kwenye mkebe wake, mgonjwa apate nguvu."

Halafu akasimama pale pale na mwiko wake, hageuki.

"Mkebe gani?" Nasambu akauliza.

Jiko la Kongo lilikuwa na desturi yake, na Nduku ndiye aliyeianzisha. Alisema mtoto akiugua, sahani yake haiugui. Basi mtoto asipokuja kwa ugonjwa, chakula chake hakirudi sufuriani wala hapewi mwingine. Kinatiwa kwenye mkebe wa siagi, ndugu yake anakipeleka nyumbani. Wagaki alikuwa ameachiwa maagizo hayo kabla ya mengine yote, na aliyatimiza kwa moyo safi.

"Nimempa dadake," akasema. "Mumbua. Ametoka sasa hivi. Kitambo kidogo."

"Kwao ni wapi?"

Wagaki hakujua. Watoto walijua. Kwa kina Mumbua ni kwa ploti ya mabati ya buluu, nyuma ya muuza makaa, ukipita choo. Nasambu hakusikia mwisho wake. Alikwisha kuondoka.

Njia ilikuwa nyembamba, boda haiwezi kupita. Alikimbia akiruka mitaro, akabomoa kamba ya nguo za watu, akasikia akilaaniwa kwa Kiluhya na kwa Kikamba, akaomba radhi kwa lugha zote mbili bila kugeuka. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Muuza makaa, yuko. Choo, hiki hapa. Mabati ya buluu.

Walikuwa wameketi kizingitini, wasichana wawili, mkebe katikati yao. Mumbua, mkubwa wa miaka minane, ndiye aliyeshika kijiko. Alikuwa anamlisha mdogo wake, kwa adabu, akipuliza kila kijiko kisimchome.

Nasambu akaupiga mkebe teke ukaruka mpaka uani.

"Auntie!" Mumbua akalia. "Ni chakula ya Kavindu!"

"Amekula? Amekula kiasi gani?"

"Kidogo tu. Amesema mdomo inawasha, nikamwambia ni kwa sababu ni moto."

Mdomo wa Kavindu ulikuwa umeanza kujaa, na macho yanafumba. Alikuwa akijikuna shingo na kutazama chakula kilichomwagika. Akakohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha mafua. Nasambu akamwinua, akamlaza begani.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ameenda kufulia watu Lavington."

"Nenda kwa jirani, mwambie ampigie. Mwambie aje kliniki ya hapo barabarani. Sasa hivi, mama, kimbia!"

Sitawachosha na njia ya kurudi. Ilikuwa ile ile, ila sasa alikuwa na mtoto begani ambaye pumzi yake ilipiga mluzi sikioni mwake, na kila mluzi ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Alimwambia, "Vuta, Kavindu. Vuta tena. Vuta, mama yangu," na hakuacha kusema mpaka alipomwona Wanzala na pikipiki ikiwa inanguruma tayari.

Kliniki ilikuwa na watu wamepanga foleni. Nasambu hakupanga. Akapita mpaka ndani, akamweka mtoto juu ya meza ya nesi aliyekuwa akimhudumia mwingine. "Karanga," akasema. "Amekula karanga, zinamdhuru, koo linafunga." Nesi alimtazama mtoto mara moja tu, akafungua kabati, akamchoma sindano pajani juu ya nguo zake. Wakangoja. Yule mgonjwa aliyekatizwa, mzee mwenye bendeji mguuni, akashika mkono wa Nasambu bila kuulizwa. Mluzi ukaendelea. Ukaendelea. Kisha ukaanza kuwa pumzi.

"Umefanya vizuri kusema ni nini mapema," nesi akamwambia. "Wengi hukaa hapa wakitusimulia."

Nasambu angependelea kupigwa kofi kuliko kusifiwa na mwanamke yule.

Wakamlaza Kavindu kwenye kitanda cha pembeni. Nesi akasema asiondolewe mpaka jioni, na mtu mzima akae naye akimtazama, kwa maana uvimbe huweza kurudi hata baada ya mtoto kuonekana amepona. Ndipo simu ya Nasambu ikalia. Ni Collins.

"Yuko sawa?"

"Anapumua. Tuko kliniki, mama yake ameitwa."

"Asante Mungu. Sasa nisikize. Mama yake akija, sema mtandao ulisumbua. Tableti haikupata habari mpya. Mtandao kila mtu anauelewa."

"Haikuwa mtandao."

"Najua haikuwa mtandao! Wafadhili wako hapa, mlango wa pili. Wakisikia ni mkono wetu, wanafunga majiko yote mawili. Wale watoto wote, Nasambu, kesho wale nini?"

Na msidhani lilikuwa swali dogo, kwa sababu Collins hakuwa mtu mbaya, na njaa ya kesho ilikuwa ya kweli. Nasambu alitembea kutoka kitanda hadi dirisha, dirisha hadi kitanda. Angeweza kusema. Neno moja tu, mtandao, na kila mtu angelaumu nguzo na nyaya na kwenda zake. Alikata simu akiwa hajui atasema nini.

Mama Kavindu akaingia, Mumbua amemfuata nyuma. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, na povu limemkaukia kiwikoni. Hakumsalimu mtu. Alikwenda kwa mtoto, akaweka sikio kifuani pake, akakaa hapo muda mrefu huku midomo yake ikitembea. Alipoinuka ndipo alipomtazama Nasambu, na akamkumbuka.

"Nani alipika karanga?"

"Mpishi mgeni. Lakini si yeye," Nasambu akasema. "Ni mimi, mama. Marufuku ya majiko yote mawili niliiweka mahali pamoja, na sikujua. Asubuhi Kibera wakaniuliza mbona karanga imekatazwa kwao. Sikuangalia. Nikawaambia wafute. Wakafuta ya Kavindu."

"Si uliniambia mashine haisahau?"

"Haikusahau. Mimi ndiye niliyeiamuru isahau."

Mama Kavindu hakupiga kelele. Nasambu alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kupigwa, na alijua angesimama apigwe. Mama yule alivuta kanga akajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja. Mvua ilikuwa imeanza kuyapiga mabati. Nesi akachungulia, akarudia maneno yake: mpaka jioni, na mtu mzima.

"Mpaka jioni," Mama Kavindu akasema. Akatazama saa ya ukutani, akamtazama mtoto, akatazama saa tena. "Nimeacha nguo za watu kwenye sabuni. Nimeondoka bila kuaga. Yule mama mwenye nyumba alishasema nikiondoka tena nisirudi." Akageuka huku na huku chumbani, kama kuna mtu mwingine angetokea pale ukutani: dada, shemeji, jirani asiye na kibarua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na Mumbua aliyejikunja kwenye kona na kijiko bado mkononi, na palikuwa na Nasambu mwenye kiatu kimoja.

"Wewe utakaa?"

"Nitakaa."

"Si kwa kuwa nimekusamehe."

"Najua."

"Ni kwa kuwa sina mwingine." Akamsogelea karibu. "Usitoke hapa. Usishike hiyo simu. Mtazame mdomo, mtazame shingo. Na usimpe kitu. Hata maji, umuulize nesi."

Akambusu mtoto, akamshika Mumbua mkono, akatoka mvuani akikimbia.

Nasambu akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda. Simu ilitetemeka mfukoni, ikatetemeka tena, akaiacha. Miguu ilimwasha, ikataka dirisha, ikataka mlango, na akaikandamiza chini kwa mikono yake miwili. Alitazama mdomo. Alitazama shingo. Jioni ilikuwa mbali sana.

Baadaye Kavindu akafumbua macho. Uvimbe ulikuwa umepungua, akaonekana mtoto tena. Akamtafuta mama kwa macho, akaambiwa anarudi.

"Auntie, wewe ndiye ulimwaga chakula yangu."

"Ndiyo, ni mimi."

"Ilikuwa tamu." Sauti yake ilikwaruza. "Ilikuwa tamu kuliko zote. Kesho mtapika tena?"

"Hapana, Kavindu."

"Hata kidogo?"

"Kwenu hapana. Hata kidogo."

Mtoto akamtazama aone kama ni utani. Alipoona si utani, akageukia ukutani akaanza kulia, kwanza kimya kimya, halafu kwa sauti, kifua kinapanda na kushuka, mpaka nesi akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nasambu akamwonyesha kwa mkono amwache. Akamwacha alie, maana mtoto anayelia anapumua.